Daftari la Vipimo

Magomeni Mapipa, saa nne asubuhi, umeme umekatika,
cherehani ya Fundi Chausiku inaenda kwa miguu.
Nimeleta kitenge, yadi tatu,
sare ya sendofu ya Asteria, binti wa dada;
ukoo mzima tumeamriwa rangi ya bilinganya.

Futi linanizunguka, baridi kama mjusi.
Navuta tumbo ndani.
Nalivuta tangu darasa la sita,
tangu mwalimu wa michezo aliponiita Tipa
na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Kifua, arobaini na mbili!" fundi anapaza sauti,
na Shani, mwanafunzi wake, anaandika kwa penseli,
na benchi la wateja linasikia,
na muuza karanga mlangoni naye anasikia.

"Achia tumbo, mama Elpidi.
Utaimeza pumzi hiyo mpaka keki ikatwe?"

Benchi likacheka. Nami nikacheka, kidogo, kwa pua.

"Hebu lete daftari, tuone la zamani."
Kurasa zimelowa mafuta ya cherehani.
Jina langu, kiuno ishirini na saba:
gauni la mahafali, la njano,
sikula siku nzima ili zipu ikubali.
Nilijiona tembo.
Picha ninayo. Kila nikiitazama
namtafuta huyo tembo, simwoni.

Kiuno thelathini na nane: nimejifungua,
maziwa yalilowesha kitambaa kabla hakijakatwa.

Kisha thelathini kasoro moja.
Nikaweka kidole hapo, nisikiondoe.
Ule ulikuwa mwaka wa mama, Muhimbili,
chupa ya uji naibeba asubuhi, naimwaga jioni.
Niliisha kama kipande cha sabuni bombani,
na mtaa mzima ukanisifu!
"Umependeza! Tupe siri, dada."
Siri ilikuwa imelala kitanda namba kumi na moja
na sikujua niwajibu nini.

Mwaka huohuo nilinunua lile kopo, Kariakoo.
Uso ukageuka rangi ya ndizi mbivu,
vifundo vya vidole vikagoma,
vikabaki vyeusi, vyeusi, kama mashahidi
waliokataa kununuliwa.
Leo navishukuru. Siku zile nilivificha mifukoni.

Hakuna aliyeniambia pale kwamba mimi ni mzuri.
Fundi Chausiku hana muda wa hayo,
ana sare kumi na tisa na umeme wa kubahatisha.
Alipima tu nyonga, bega, mkono,
kama mtu apimaye mlango ili atundike pazia,
bila kuulaumu mlango.

Nikaachia.
Tumbo likashuka mahali pake, taratibu,
kama mgeni aliyesimamishwa tangu alfajiri
hatimaye akaambiwa: karibu, keti.

"Arobaini na moja," Shani akaandika.
Nikaisubiri aibu. Ilikuja, lakini imechelewa,
ikakuta kiti kimekaliwa.

"Naacha kitambaa ndani, pande zote mbili,"
fundi alisema, pini zikiwa mdomoni.
"Mimi simshonei mtu wa leo tu."

Nilipotoka, kioo cha duka la dawa kilinivizia.
Nikavuta tumbo ndani, mazoea yana taabu.
Hatua tatu, nne.
Kisha nikarudi, nikanunua karanga za mia tano
kwa yule aliyesikia vipimo vyangu vyote;
akanijazia karatasi, akaongeza na kiganja juu,
nikaenda zangu natafuna,
napumua.